Mirriam Mbodze, Aliyebisha Malango Mawili

Alizaliwa Mirriam Mbodze mwaka 1958 mtaani Buxton, kisiwani Mombasa, binti wa mpagazi wa soko la Marikiti na mama mcha Mungu aliyemfundisha kusali kabla hajajua kusoma. Tangu utotoni hakutulia. Hata rozari aliisali akitembea. Akawa mwalimu wa sekondari, na huenda angestaafu kwa raha zake kama mwaka 2009 asingeandamana na kwaya ya parokia kwenda kuimba gerezani. Huko mfungwa mmoja, Kiti, alimwuliza, "Mwalimu, mtu akishafaulu kidato cha nne humu ndani, huenda wapi?"

Swali hilo likamnyima Mirriam usingizi. Akaanza kubisha malango mawili: la gereza, ili pawe na darasa la masomo ya chuo kikuu, na la chuo, ili wafungwa wasajiliwe. Baada ya miaka ya kubisha, darasa likaanza. Mfungwa alipomjia, Mirriam hakumwuliza kosa lake. Alimwuliza amefikia wapi masomoni.

Jaribu kuu lilimfika mwaka 2014. Kiti alipelekwa mjini kufanya mtihani wa chuo, Mirriam akiwa amemdhamini kwa neno lake. Kabla karatasi hazijagawanywa, Kiti akatoroka. Mkuu wa gereza akalifunga darasa siku hiyo hiyo, na waumini wakanong'ona kwamba mama huyu anafuga wahalifu. Mirriam alivuka kwa feri hadi Likoni, nyumbani kwa mamake Kiti. Akamkuta kijana kando ya kitanda. Mamake alikuwa mahututi.

"Nilisikia anakufa, Mwalimu. Ningeomba ruhusa, nani angenipa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini wenzako wamefungiwa darasa. Muage mama, twende."

Yule mama alimshika mwanawe mkono, akaung'ang'ania, kisha akauachia. Kiti akarudi kwa miguu yake. Askari walipokuita kurudi kwake muujiza, Mirriam aliwajibu, "Muujiza ni mamake kumwachia."

Kiti aliongezewa kifungo, na darasa likabaki limefungwa. Kila Jumatatu Mirriam alifika langoni akarudishwa. Akamlalamikia paroko kwamba hana amani. "Usiiombe bado," paroko akamwambia. Mwaka uliofuata akaja mkuu mwingine, akalifungua.

Mirriam alifariki mwaka 2021 kwa maradhi ya figo. Wakati huo Kaingu, mwanafunzi wake aliyemaliza kifungo, alikuwa akikataliwa kuingia chuoni kwenyewe kwa sababu ya kufungwa kwake. "Kaingu amepata nafasi?" ndilo neno la mwisho la Mirriam, na waliomzunguka hawakuthubutu kumdanganya.

Kesho yake baada ya mazishi, Kiti, aliyekwisha kuachiliwa, alikwenda kuketi nje ya ofisi ya usajili ya chuo, akasema haondoki mpaka mwenzake asikilizwe. Muhula ule Kaingu akaandikishwa.

Wafungwa husimulia kwamba wakimwomba Mirriam awaombee, hofu ya mtihani huwatoka. Kanisa halijatamka lolote juu ya hayo. Sisi tuliomfahamu twaomba tupewe fadhaa yake: tumwonapo aliyetoka kifungoni amesimama peke yake mlangoni pa chuo, tusiweze kumpita tukaenda zetu.