Kiti ya Ishirini na Tano mu Laboratwari

Siku ya kwanza ya kazi nilisalimia mukubwa ya skul nikamuita "Prefe", na bamwalimu bote mu bilo bakaanguka na kicheko. Kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwenye nilisoma mpaka mwaka ya sita ya prayimari tu, mukubwa ya skul ya sekondari njo anaitwa prefe. Hapa Nchelenge anaitwa Hedi, na mbele ya jina unatia "ba", heshima ya Kibemba. Ba Hedi ile, mama mumoja munene wa sauti ya polepole, alinipa fagio, akaniita "bamayo", ni kusema mama, na akasema:

"Bamayo, huku prefe ni mutoto mwenye anapiga kengele. Mumenishusha cheo na bado hatujaulizana habari ya asubui."

Naandika haya juu ya batoto benye bako karibu kuchagua masomo, na juu ya bazazi yao. Sijui kama naandika muzuri. Kila siku naandika kidogo mu kitabu yangu, na kesho yake nafuta nusu. Lakini hii sitaifuta.

Niliolewa na mutu wa Nchelenge, njo maana nilipata karatasi za kufanya kazi ya serikali. Nilianza na kufagia ku skul ya prayimari karibu na maji. Kisha balinituma Chisenga, kile kisiwa cha bavuvi. Kule niliona darasa nzima inabaki na batoto tano ile siku serikali ilifungua ziwa kwa kuvua samaki, juu batoto bote balifuata nyavu. Ba Hedi ya Chisenga alikuwa kijana, alikuwa anaogopa motaboti, na Kiswahili hakujua hata neno. Akagundua kama miye najua. Toka pale, kila karatasi ya muzazi wa Kongo ilipita mu mikono yangu: nabeba, nasoma, natafsiri, narudisha na sini, jina ya muzazi kwa mukono yake. Hakuna mutu alinifundisha kutafsiri. Balinipa tu karatasi.

Kazi yenye ilinipa jina ni ya tatu, ku skul ya sekondari, mu laboratwari. Niliifanya mpaka pensheni. Kazi ni kuosha, kupanga, na kuhesabu. Kuna bireti, ile chupa nyembamba ndefu iko na bomba chini, inaachilia asidi tone moja-moja. Kuna pipeti, ya kuvuta maji kwa kipimo. Kuna mabenchi ine, zile meza ndefu za kazi, na kila benchi biti sita bya kukalia, bile birefu bila mugongo. Sita mara ine ni ishirini na ine. Hii hesabu muikumbuke.

Na kuna buku ya bivunjo. Kila kitu yenye inavunjika mu laboratwari inaandikwa mule: siku, kitu gani, nani alivunja. Ba Hedi anatia sini kila Ijumaa. Mukubwa ya sayansi, mwanaume mufupi mwenye hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe, alinionyesha ile buku siku nilifika.

"Bamayo, ukivunja, sema. Ukificha bireti yenye ufa, mutoto atakatika mukono. Sitakuuliza juu ya nini umevunja. Nitakuuliza tu kama umeandika."

Nilimuogopa, lakini hii neno yake niliipenda. Niliandika jina yangu mara mingi mu ile buku, na hakunigombeza hata mara moja.

Sasa fomu ya masomo. Mutoto akiingia Gredi Teni anapewa karatasi moja iko na mistari. Mu kila mustari kuna masomo mbili ao tatu, na unachagua moja tu. Ile yenye umechagua njo utafanyia mutihani ya Gredi Tuelvu, na iniversite itaangalia ile. Iniversite haiulizi kama mutoto ana akili. Inauliza: shimi, ile kemia, iko? Fiziki iko? Kama haiko, barua yako inarudi.

Ku Kongo si vile. Kule hauchagui somo moja-moja, unachagua seksyo, na seksyo inakuja na masomo yake yote mu kapu moja. Ukisema Bio-Shimi, umebeba bioloji, shimi, fiziki na hesabu, upende usipende. Mutu mwenye alisoma kule akiona fomu ya huku, macho inaona seksyo.

Ku kampi ya bakimbizi kulikuwa Papa Kalenga, mulimaji wa muhogo. Yeye alimaliza Bio-Shimi kule Kongo, na diplomu yake ilivuka ziwa ndani ya mufuko wa plastiki, mukavu kuliko yeye mwenyewe. Binti yake Esperance alipita Gredi Naini na maksi mingi. Alitaka kusoma mambo ya dawa ku iniversite. Alikuwa ameniambia juu ya nini: mama yake alipewa chupa ya dawa na mu nyumba yote hakuna mutu alijua maana ya maandishi ya ile chupa. Mama alipona. Lakini mutoto hakusahau ile kutojua.

Nilipeleka fomu siku ya Jumamosi, skul ilinituma nitafsiri. Papa Kalenga alivaa koti kwanza. Kwetu ni baba njo anashika bic ya kuandika, mutoto anakaa na kuangalia. Akasoma, akatia alama ku Bioloji. Mustari ya chini ilikuwa na Shimi na Biashara. Akatia alama ku Biashara.

"Papa, na shimi?" Esperance akauliza.

"Shimi iko ndani ya bioloji."

"Huku biko mbali-mbali, Papa."

"Esperance. Miye nilisoma Bio-Shimi miaka ine. Weye ulisoma nini? Sasa utapata na biashara juu yake, kama matabishi ya bure." Akageuka kwangu. "Mama Vero, unafanya mule ndani. Muambie."

Na miye nikasema: "Baba yako anasema kweli. Iko kitu moja."

Siwezi kuweka hii ku mugongo ya Papa Kalenga. Yeye aliuliza. Ni miye njo nilijibu. Miaka yote ile nilikuwa naosha chupa za bioloji na chupa za shimi mu chumba moja, ku bomba moja, na kitambaa moja. Nilizania ni somo moja. Sikuuliza, juu niliona haya kuuliza. Mutoto alijua, lakini aliacha, juu batu bazima babili balikuwa bamesema.

Muhula ikaanza. Mukubwa ya sayansi akabandika ku mulango majina ya batoto ya shimi, nipange biti. Nikasoma mara tatu. Esperance hakuwa mule.

"Yuko ku Biashara," akasema bila kuinua kichwa.

"Lakini alichagua Bioloji."

"Bioloji ni Bioloji, bamayo. Shimi ni mustari ingine."

"Na dawa? Iniversite?"

Pale akainua kichwa. "Bila shimi? Awe, hapana."

Nilienda kwa ba Deputi, musaidizi wa ba Hedi, mutu murefu wa tai ya kukaza kila siku, hata wakati wa joto. Nitasema haki yake: hakuwa mubaya. Aliniweka ku kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bamayo, fomu zimepigwa muhuri. Muzazi akibadilisha roho leo, kesho bazazi makumi mbili bako ku mulango. Na laboratwari imejaa. Munajua biti biko ngapi?"

"Ba Deputi, nani anabipanguza?"

"Basi munajua."

"Ishirini na ine. Na moja mu stoo, ilivunjika miguu."

"Kiti ya kuvunjika si kiti." Akasimama. "Sheria inasema hakuna kubadilisha. Sikuiandika miye."

Nilitoka. Nasema kweli, nilifikiri kurudi kwangu na kunyamaza. Mutu wa fagio anagombana na Deputi juu ya nini? Lakini nilirudi mu laboratwari, nikafungua buku ya bivunjo, na chini ya "pipeti moja" nikaandika: siku, kisha "fomu ya masomo ya Esperance Kalenga, Gredi Teni", kisha ku nafasi ya nani alivunja: "Veronika, mutunza laboratwari". Mukono yangu ya kuandika ni mubaya, lakini pale niliandika herufi kubwa.

Ile siku nikaenda kwa Papa Kalenga kumuambia. Alinisikiliza akisimama na jembe.

"Unataka niseme mbele ya mutoto yangu kama diplomu yangu haijui kitu?"

"Hapana. Nataka useme kama miye njo sikujua."

"Toka mu shamba yangu, Mama Vero."

Nikatoka.

Ijumaa ba Hedi wa sekondari akafungua buku ya kutia sini. Akaita miye, ba Deputi na mukubwa ya sayansi. Hakuwa na furaha.

"Hii ni buku ya chupa," akasema.

"Ndiyo, ba Hedi," nikajibu. "Lakini niliambiwa, ukivunja, sema. Skul njo ilinituma kutafsiri ile fomu. Muzazi aliuliza mutu wa skul, mutu wa skul akamudanganya. Hakubadilisha roho. Alifuata neno yetu."

"Munajua ukisema vile, kosa linakuwa yako?"

"Njo maana niliandika jina."

"Nitalazimika kuandika barua ya onyo. Inakaa mu faili mpaka pensheni."

"Andikeni, ba Hedi. Lakini mutoto bamupe shimi."

Mukubwa ya sayansi akakohoa ndani ya mukono. Na mutu mwenye alisema kwanza ni ba Deputi, ile ya tai. Akasema, polepole, kama mutu anasoma: "Sheria inakataza muzazi kubadilisha. Juu ya kosa ya skul yenyewe, haisemi kitu." Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Naandika hii juu batu banasema kama alikuwa adui yangu.

"Na kiti?" ba Hedi akauliza.

"Kwa prakitiko, ule mutihani wa mikono, kila mutoto lazima nafasi yake ku benchi," mukubwa ya sayansi akasema. "Bamayo akinipa kiti Jumatatu, nitampokea. Bila kiti, hapana."

Jumamosi nilikuwa mu stoo na kile kiti cha kuvunjika, napiga misumari na jiwe, juu nyundo sikuwa nayo. Nikasikia kikohozi. Papa Kalenga alikuwa ku mulango, na koti yake, na mbao tatu ku bega. Habari ya kiti ilikuwa imefika ku kampi.

"Weka jiwe chini," akasema. "Utaharibu na ile kidogo yenye imebaki."

Akafanya kazi mpaka saa sita. Hatukuongea juu ya fomu. Mwishoni akakaa juu ya kile kiti, kikayumba.

"Muguu moja ni mufupi," nikasema.

"Mutoto yangu ataweza kukaa imara. Ku fomu natia sini wapi?"

Nikamuonyesha mustari ku fomu mupya yenye ba Hedi alinipa. Safari hii alimupa Esperance bic, atie alama mwenyewe, na yeye akatia sini chini. Jumatatu laboratwari ilikuwa na biti ishirini na tano.

Barua ya onyo ilikuja, na muhuri. Kila mwaka skul ilikuwa inatoa cheti ya mufanyakazi muzuri, na mutu mwenye onyo mu faili hapewi. Sikupewa hata moja. Mupishi alipewa mbili, mulinzi alipewa moja, na mulinzi alikuwa analala, nasema bila wivu. Ao na wivu kidogo.

Esperance alipita shimi, si kwa maksi ya kushangaza. Mara ya kwanza iniversite ilimukatalia, ya pili ikamukubali, mambo ya dawa. Sitasema ni juu ya kiti. Alisoma yeye, mu nyumba ya plastiki. Kiti ilimupa tu nafasi ya kukaa. Juzi ametuma ujumbe mu simu: "Mama Vero, hii shimi yako inaniuwa." Nikamujibu: "Ni yako. Ulichagua na mukono yako."

Siku ya pensheni, ile ba Deputi ya zamani alikuwa amekuwa Hedi. Alifungua faili yangu mu bilo, na barua ya onyo ilikuwa juu.

"Bamayo, naweza kuitoa na kuichoma. Muende na faili safi."

"Hapana, ba Hedi. Nipeni."

"Ya kufanya nini?"

"Ni yangu. Niliifanyia kazi."

Sasa tunasikia Form Faivu na Form Sikisi zimeanza ku maskul ingine, na kule mutoto atachagua masomo machache zaidi, na iniversite itaangalia kwa macho makali zaidi. Bazazi banakuja kwangu na fomu. Nabaambia kitu ileile: ulizeni kwanza iniversite inataka nini, kisha murudi ku fomu, mustari moja-moja. Usitegemee seksyo. Na mutoto akisema "Papa, na shimi?", wekeni bic chini mumusikilize, hata kama muko na diplomu, hata kama munaosha ile chupa kila siku. Kama miye nakosea tena, muniandike. Buku ya bivunjo bado iko na nafasi.

Barua niliitia mu kiyoo, nikaitundika ku ukuta wa sebule, pale batu bengine banatundikaka cheti yao. Wiki iliyopita mama mumoja wa ku kampi alikuja na fomu ya binti yake. Hajui kusoma Kingereza. Akaangalia ule muhuri, akaangalia miye.

"Mama Vero, hii ni diplomu ya nini?"

"Ya shimi," nikasema. "Kaa. Muite mutoto ashike bic."