Karatasi Niliyomwoshea Mama

Leo nimelia mbele ya daktari wa Kichina, wala si kwa maumivu ya sindano.

Nilikwenda Wete kuchomwa sindano za magoti. Mwishoni daktari alinipa mizizi ya kuchemsha, pamoja na karatasi yenye maandishi ya Kichina.

Nikauliza, "Hii ni dua?"

Mkalimani akacheka. "Dua gani, Mzee? Ni maelezo ya kuchemsha dawa. Ngoja nikusomee."

Mimi sikucheka.

Mwaka 1961, marehemu mama yangu hakuweza kupiga magoti kusujudu. Mchina mmoja aliyekuja Kojani kununua majongoo ya baharini alimchoma sindano, na siku ile ile mama akasujudu. Mchina akaondoka, akatuachia mizizi na karatasi.

Mama akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wa chuo cha Kurani. Hii ni kombe, dua ya kuosha wino na kunywa?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliona haya kusema sijui.

"Ni kombe, mama."

Nikaiosha ile karatasi kwa marashi mpaka wino ukatoka wote. Mama akasema bismillahi, akanywa. Mizizi tukaifunga kitambaani, ikakaa chini ya mto wake.

Baadaye nikawa mwalimu. Niliwachapa watoto waliobahatisha majibu.

Magoti yalimkaza tena, na mama akaswali ameketi mpaka alipofariki. Kila alipomaliza aliniombea heri, kwa sababu nilimwoshea kombe.

Ndugu zangu, nielezeni: radhi yake niiombe vipi sasa?