Msiba Usio na Mtani

Katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa Tabora, asubuhi haianzi mpaka mtu atukanwe. Mwalimu wa hesabu ni Mzaramo, mwalimu wa kilimo ni Mnyamwezi, na hao wawili ni watani tangu enzi za mababu zao. Mmoja akiingia tu, mwenzake anadakia: "Mtumwa wangu, chai yangu iko wapi?" Naye anajibu: "Chai gani? Babu yangu alimnunua babu yako kwa kipande cha kaniki, na kaniki yenyewe ilikuwa imetoboka." Chumba kizima kinacheka. Hata mkuu wa shule anacheka, na yeye si mtu wa kucheka.

Nikiingia mimi, sauti zinashuka. "Karibu mwalimu. Umeamkaje? Chai ipo kwenye chupa." Mmoja ananivutia kiti. Nimefanya kazi nao miaka mingi na hakuna aliyewahi kunikosea adabu hata kidogo. Wageni wanaotutembelea husema shule yetu ina walimu waungwana sana, nami huitikia, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijui namna ya kuwaeleza kwamba uungwana huo unanichoma.

Nilizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili wakiwa vijana, wakapewa pori walifyeke, wakalifyeka, wakalima tumbaku na maharage. Mama alifariki nikiwa bado msichana. Uraia tulikuja kuupata baadaye sana, na siku ile baba alivaa koti lake la kijivu, lile alilolivaa tena kila siku kuu mpaka mwisho wake. Mimi sijui nchi nyingine. Lakini hapa mjini, watu wakitaka kunitofautisha na mwalimu mwingine, hushusha sauti na kusema, "Yule wa Ulyankulu." Wanashusha sauti kwa wema. Wanaona aibu kwa niaba yangu.

Nafundisha historia na fasihi, na kila mwaka masomo hayo mawili hukutana mahali pamoja. Kwenye historia nafundisha misafara: Wanyamwezi wakibeba pembe kutoka huku hadi pwani, wakipita nchi za watu, wakigombana nao kwa maji na chakula, kisha wakapatana kwamba tangu leo ugomvi wetu tutaucheka. Kwenye fasihi simulizi nafundisha malumbano ya utani, na wanafunzi huyaigiza mbele ya darasa. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kuku wako, na siku ukifa anaruhusiwa kuingia kaburini kabla yako na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wasije wakafa kwa majonzi. Hapo darasa huchangamka, watoto wa Nzega na Igunga na wa mjini wote wanapiga kelele.

Mwaka mmoja binti wa mstari wa mbele aliuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, na wewe watani wako ni akina nani?" Wenzake wakainamia madawati. Watoto wale walijua kabla yangu kwamba swali halina jibu. Niliwaambia wafungue madaftari.

Baba alikuja kukaa nami hapa mjini, mtaa wa Mtendeni, alipoanza kushindwa jembe. Alikuwa mtu wa kujichanganya. Kila asubuhi aliweka redio begani, akatoka kuamkia mtaa mzima, na akikushika mkono hakuuachia mpaka akuulize habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe. Watu wa mjini hawana ng'ombe, ila walimjibu kwamba ng'ombe hawajambo. Alipenda maharage kuliko nyama, na alipenda misiba. Naona vibaya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipenda misiba yenye watani. Alirudi amechoka kwa kicheko na kunieleza yote tangu mwanzo, nani alivaa shuka la marehemu, nani aliiba sufuria ya wali.

Siku moja alikwenda kuzika Gongoni, akazidiwa na furaha. Watani walikuwa wamekaa juu ya udongo wa kaburi wakidai jogoo, naye akaenda akaketi pamoja nao na kudai jogoo wake. Alirudi mapema siku hiyo. Alikula kidogo, halafu akasema, "Hawakunifukuza, mwanangu. Waliniletea kiti."

Nilimwambia kiti ni heshima.

"Ndiyo," alisema. "Kiti kizuri, cha mbao. Wakakiweka mbali kidogo." Akasukuma sahani. "Mimi nikifa nani atanicheka?"

Nilifundisha jambo hilo mwaka baada ya mwaka na sikuwahi kulifikiria kwa upande wake. Alikuwa amekaa Unyamwezi miaka hamsini. Alikuwa amezika watu wao wasio na idadi, amelia nao, amekula nao wali wa matanga. Kitu alichokuwa anakitaka hakikuwa cheo wala ardhi. Alitaka siku yake watu wamcheke kama wanavyochekana wao, ili ajue kwamba alifika. Nilimwahidi kwamba nitatafuta mtu.

Alifariki wakati wa masika, asubuhi, redio ikisoma habari. Nilipomaliza kulia mara ya kwanza, nilikwenda kwa mwalimu wa hesabu. Nilimwomba aje amtanie baba. Hajawahi kunitazama kwa huruma kama siku ile.

"Mwalimu, ningekuwa na uwezo ningekuja mbio," alisema. "Lakini nitamwambia nini? Mnyamwezi nikimwita mtumwa wangu tunacheka wote, maana si kweli. Baba yako nikimwita mkimbizi nitakuwa namtukana mzee wa watu."

Alikuwa sahihi, na usahihi wake uliniuma kuliko kama angenikatalia kwa ukali.

Mazishi yalikwenda vizuri mno. Walimu walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Lori la Ulyankulu lilileta jamaa zetu, wakaimba nyimbo za Kirundi kwa sauti za chini. Kaburi lilichimbwa likawa tayari, nami nikasimama pembeni nikilitazama. Nilikuwa nasubiri mtu aruke ndani. Najua ni upuuzi, lakini nilisubiri. Nilitazama nyuso zote, zote zilikuwa zimeinama kwa adabu, na jeneza likashushwa bila mtu kulizuia hata kwa neno. Mwenyekiti wa mtaa alitoa salamu za mwisho, akasema mzee alikuwa mpole, mcha Mungu, mgeni wetu mpendwa. Mgeni. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema asante.

Jirani yangu wa upande wa ua wa michongoma ni bibi anayeuza vitumbua. Ana mdomo mchafu, ana ugomvi na nusu ya mtaa, na kuku wangu wakivuka kwake huwarudisha kwa mawe. Bibi yake mzaa mama aliletwa Tabora akiwa mtoto, kutoka ng'ambo ya ziwa, amefungwa pamoja na wengine kwenye msafara. Akaachwa hapa, akauzwa hapa, akazaa hapa. Kabila lake halijulikani, hata jina alilopewa na mama yake halijulikani. Wapo wazee wa nyumba kubwa za zamani, zile zilizonunua watu, ambao mpaka leo wakimtaja bibi huyu husema, "Ni watu wetu wale," kwa upole mwingi, na wakichinja humpelekea nyama. Yeye nyama huipokea na kuwatukana wakishaondoka. Naye hana mtani. Hakuna atakayethubutu kumwita mtumwa wangu.

Siku ya tatu tulikuwa tunaanua tanga. Watu walikuwa wamekaa uani wanasubiri chakula, wanaongea kwa minong'ono. Bibi akaingia mlangoni amevaa koti la kijivu la baba, lile nililokuwa nimelifua na kulianika. Lilimfika magotini. Redio ilikuwa begani. Alitembea kwa hatua za baba, zile za mtu anayevuka matuta, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Hujambo? Nyumbani hawajambo? Shamba? Na ng'ombe?"

Mwenyekiti alijaribu kuutoa mkono wake.

"Nimekuuliza ng'ombe," alisema bibi kwa sauti ya baba, nzito na ya taratibu. Akahamia kwa mwalimu wa hesabu. Akahamia kwa mkuu wa shule. Wote waliulizwa ng'ombe. Kisha akasimama katikati ya ua, akaweka redio chini.

"Huyu ni mkimbizi wangu!" akapaza sauti, sasa ile yake mwenyewe. "Amekimbia Burundi, sikusema kitu. Amekimbia Ulyankulu, nikanyamaza. Ijumaa amekimbia na vitumbua vyangu viwili, nikasema atarudi. Leo amekimbia tena, mshenzi huyu, hata kuaga hajaaga!"

Neno lile, ambalo watu walikuwa wamelishushia sauti maisha yangu yote, lilikuwa limesimama uani mchana kweupe. Halafu shangazi yangu wa Ulyankulu, mwanamke ambaye sijawahi kuyaona meno yake, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo. Wenzake wa lori wakafuata. Nami nikacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, kikarudi tena kuwa kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya redio nikahisi kwamba baba alikuwa mtu aliyeishi mahali fulani.

Si wote waliocheka. Mzee mmoja wa mtaani alisimama. "Bibi, hii siyo mila. Utani una wenyewe."

"Wenyewe akina nani?" aliuliza bibi. "Waliopita barabara hii na pembe? Bibi yangu alipita hiyo hiyo, ana kamba shingoni. Huyu naye kaja kwa miguu, mtoto wa watu, anafukuzwa. Nyinyi mlirudi kwenu mkacheka. Sisi tulibaki. Kaa chini, chakula kinakuja." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, sivui koti mpaka nione jogoo."

Nilimpa jogoo. Watu kadhaa waliondoka kabla ya chakula, na mwenyekiti hakuja kuniamkia kwa muda mrefu. Sikujali, na bado sijali.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, bibi alikuja tukaosha masufuria. Alikuwa amechoka. Alisema bila kunitazama:

"Siku yangu usije ukaketi na walimu wenzako. Uvae kanga yangu ile ya njano, ubebe sinia, uwauzie vitumbua vya hewa. Uwatukane wasiolipa. Halafu uniite mtumwa wangu. Mbele ya watu wote, na wale wa nyumba kubwa wasikie."

"Bibi, hilo neno siwezi."

Akaacha kusugua. "Na mimi nimewezaje?"

Nikamwaga maji machafu, nikachota mengine.

Koti amebaki nalo. Asubuhi za baridi analivaa akikaanga vitumbua, na nikitazama juu ya michongoma bila kufikiri, nusu sekunde hivi namwona baba. Shuleni hakuna kilichobadilika. Niliporudi kutoka msibani walinipokea kwa pole nyingi na chai, na mwalimu wa hesabu akasita kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akanivutia kiti. Mwaka huu nimefundisha tena misafara na nimefundisha tena malumbano ya utani. Niliongeza habari ya wale waliotembea na kamba, ambao hakuna kabila lililobaki kuwatania. Wanafunzi walinakili. Mmoja aliuliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani.

Jioni nikimaliza kusahihisha najifunza. Nyumba ina mimi peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kunishangaa. Nafunga kanga, naweka sinia kichwani, natembea kutoka sebuleni hadi jikoni kama bibi, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Sauti yake nimeipata. Matusi yake nimeyapata, hata yale ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikifika kwenye lile neno, natua sinia. Nimelitamka darasani mara nyingi, nimeliandika ubaoni, nimelitungia maswali. Kumpa yeye, hapana.

Juzi alinisikia. Aligonga ndoo upande wa pili wa michongoma.

"Mwalimu! Umefika wapi?"

"Shikamoo, bibi. Bado."

"Marahaba. Fanya haraka, mimi si wa kesho."

Nikamwambia nitaweza. Kisha nikaketi na sinia langu mapajani nikiwaza jambo ambalo sijamwambia. Bibi akitangulia, nami nikifanikiwa kumcheka kama anavyotaka, upande ule wa ua hatabaki mtu wa kuniita mkimbizi wangu. Siku yangu watakuja wote na mashati yaliyopigwa pasi, watapanga viti vizuri, na mtu atasimama kwa heshima zote aseme nilikuwa mgeni wao mpendwa.