Waya Ndani ya Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo. Ukimpelekea suruali ya kupunguza urefu, angekurudishia ikiwa na pindo lililonyooka kama limepigwa rula, na ole wako umwambie afanye harakaharaka. Kwa miaka mingi alishona sare za shule na mapazia. Wachache tu ndio waliojua kwamba kabla ya hapo, kwa miaka tisa, aliwashonea nguo wateja wasiozidi urefu wa kiganja.

Wateja hao walikuwa wanasesere wa studio moja ndogo iliyotengeneza filamu fupi za vibonzo. Kazi yenyewe ilitaka moyo: mwanasesere anasogezwa mguu kidogo tu, anapigwa picha, anasogezwa tena, anapigwa nyingine, mpaka kutwa nzima inaishia kwenye hatua tatu za kutembea. Mama Pindo alikata kola kwa mkasi wa kucha, akabandika vifungo vidogo kama ufuta kwa kibano, huku amebana pumzi asije akavipeperusha. Studio ilipofungwa, alikusanya vitambaa vyake akaondoka bila kinyongo. Shemeji yake akamtania, "Haya, umemaliza kucheza na midoli?" Alicheka naye, lakini neno lile lilimkaa rohoni.

Miaka thelathini ikapita. Jumamosi moja binti yake, ambaye ni nesi, akaingia bila hata kukaa.

"Mama, vaa tutoke. Makumbusho wamefungua maonyesho ya filamu fupi za vibonzo. Nasikia wale wadogo zangu wote wapo."

Wadogo zake kweli walikuwepo, wamesimamishwa ndani ya makabati ya vioo, na filamu zao zikionyeshwa ukutani juu yao. Mama Pindo alipita taratibu, akiwatambua mmoja mmoja, hadi akamfikia tarishi. Katika filamu, tarishi huyo hupanda kilima akipambana na upepo mkali, koti lake likimpigapiga nyuma. Chini ya kabati palikuwa na kibao: "Koti lilipeperushwa kwa feni ndogo iliyowekwa kando."

"Feni!" Mama Pindo akaangua kicheko, ukumbi mzima ukageuka. "Feni ingembeba tarishi na nyumba zake zote za maboksi!"

"Mama, taratibu," binti akanong'ona, lakini msimamizi wa maonyesho, kijana mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni, alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Tatizo si kubwa. Mmeandika uongo tu."

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Msimamizi hakukasirika. "Tulikisia, mama. Aliyeitengeneza filamu hii alishafariki na hakuacha maelezo. Wewe umejuaje?"

"Feni ikipuliza, koti linatikisika linavyotaka lenyewe, na kila picha inatoka kivyake. Mimi nilitia waya ndani ya pindo, mwembamba kama unywele. Wanaukunja kidogo, wanapiga picha, wanaukunja tena. Bonyeza pindo la nyuma, upande wa kushoto. Waya ulikatika hapo, nikaufunga fundo."

Msimamizi alimtazama, kisha akaenda kuleta funguo na glavu nyeupe. Watu wakaanza kukusanyika. Mdomoni Mama Pindo alikuwa shujaa, lakini moyoni alianza kujihoji. Je, kama koti lilishabadilishwa? Je, kama ni upande wa kulia? Miaka thelathini si mchezo.

Kidole cha msimamizi kikatambaa kwenye pindo. Kikasimama.

"Lipo," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akapaza sauti kama aliyeokota lulu: "Fundo lipo!"

Akalikunja pindo kwa ncha ya kidole, nalo likabaki juu vilevile, kana kwamba upepo wenyewe umelishika. Watu wakapiga makofi.

"Mbona hujawahi kuniambia habari za waya huu?" binti akauliza, macho yamemlowa.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unalala chini ya meza ya cherehani, nami nina tarishi hana suruali."

Kibao kile kikang'olewa hapohapo. Msimamizi akaomba jina lake kamili, naye akamtajia herufi moja moja, kisha akamtaka amsomee alichoandika. Akamrudisha asome mara ya pili.

"Na uweke fundi," akaongeza. "Usije ukaniandika msaidizi. Fundi."

Mama mmoja katika kundi akauliza kama kuna nguo nyingine aliyoishona humo ndani.

"Humu?" Mama Pindo akautazama ukumbi kutoka kona hadi kona. "Bora uniulize ni ipi sikuishona. Haya, njooni tuanze na yule bibi harusi. Shela yake ilinitoa jasho wiki mbili."

Akatangulia kifua mbele, watu wakimfuata, na binti yake nyuma kabisa, kabebeshwa mkoba, anapiga picha.