Ufa wa Nyuma ya Jikoni

Mvua ya kwanza ikigonga mawe ya lava hutoa harufu ya chuma na majivu baridi. Nikiisikia, narudi utotoni mwangu Mapendo, mjini Goma, baada ya volkano kuimeza nyumba yetu ya kwanza. Papa alijenga nyingine ya mbao juu ya lava ileile. Nyuma ya jikoni jiwe lilikuwa na ufa mpana, na maji yote ya uani yalikimbilia humo yakigugumia kama mtu anayesukutua koo.

Kisha waasi wakaingia Rutshuru, na shangazi, dada yake Papa aliyeishi huko, akatufikia na watoto wake na godoro kichwani. Papa alijaza ufa kwa kokoto, akamwaga saruji, akamjengea chumba juu yake. Majirani nao wakaziba nyufa zao, kwani kila uwanja ulikuwa na wakimbizi wake. Malori yalishusha mbao na makaa kutoka msituni. Mji ukatanuka, miti ikapungua, na mchana mabati yalitupika.

Mvua kubwa iliponyesha, maji yalikosa njia yakajaa chumbani kwa shangazi. Akaanza kufunga mizigo.

“Naenda kambini, Kanyaruchinya. Mimi si samaki ya ziwa ya Vitshumbi!”

Mama akamgeukia Papa. “Muzee, ulifikiri maji itaomba visa ivuke mpaka ipite Rwanda?”

Shangazi alicheka huku analia. Papa alichukua nyundo, akavunja sakafu, akatoa kokoto mpaka ufa ukagugumia tena. Chumba kilijengwa upya kando ya jikoni, chembamba kama kabati, na shangazi akabaki.

Leo mji umepanda hadi miguuni mwa volkano. Nimejisomea mwenyewe, kwa simu, jinsi moshi wetu na misitu tuliyokata vinavyochangia kuipasha hewa joto, na mvua zikizidi ukali. Nakiri kwamba hofu hainiachi: mawingu yakikusanyika natoa majani na plastiki ufani, naingia ndani, natoka tena kuhakikisha. Shangazi hunitania, “Ile ufa, utaipigisha na mswaki?”

Lakini juzi jirani mpya kutoka Masisi alileta saruji yake. Kabla ya kuchimba msingi alibisha mlangoni kwetu, nikamfungulia.

“Mama, hapa maji inapitaka wapi?”

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya jikoni.