Vidonge vya Goti vya Mama

Mama yangu hawezi kumwona mtu akiumwa akakaa kimya. Ukikohoa, anakuchemshia majani. Ukijikwaruza, analeta spiriti kabla hujaiona damu. Msimu ule nilipopanda kijijini kwetu Masama, mlimani, kumsaidia kuchuma kahawa, aliniona nimejishika kiuno katikati ya mibuni ya kihamba, shamba letu la nyumbani. Akaweka kikapu chini, akaingia ndani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, mjini. Kiuno changu kilikuwa kimeshachoka kabla sijaligusa tawi hata moja.

"Kunywa hii," mama akasema, akinipa kidonge na kikombe cha chai. "Ndiyo dawa ninayopewa ya goti. Inaondoa maumivu na uvimbe."

Neno hilo, uvimbe, ndilo lililonipoteza. Miaka miwili kabla ya hapo, baada ya kuharisha damu kwa muda mrefu na kupimwa kwa kamera, niliambiwa nina vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao dawa huutuliza lakini hauuondoi. Nikapewa mesalazini. Nilielezwa kuwa inapunguza uvimbe ndani ya utumbo na ninywe kila siku, hata nikijisikia mzima. Nilikuwa nainywa. Basi nikajiambia, kama dawa moja ya uvimbe inanisaidia, ya pili itanidhuru nini? Nikameza. Jioni kiuno kililegea, na mama, kwa furaha, akanifungia vidonge vingine nishuke navyo mjini.

Siku ya tano ya kuvinywa, tumbo lilininyonga nikiwa kwenye cherehani. Hadi adhuhuri nilikuwa nimekwenda chooni mara nne, na mara ya nne niliona damu. Mteja alikuwa anasubiri gauni la kipaimara la binti yake. Pindo lake nililimalizia kwa mkono, nimesimama, maana kila nikiketi tumbo lilikaza.

Nilimpigia mama simu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu ninakoishi, mtaa wa Soweto, na ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akasema hospitali tunakwenda wote. Nilikuwa nimeshaanza kukishuku kile kidonge. Ningemwambiaje?

Daktari, kijana mpole, alianza na mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanigeukia. "Umeacha mesalazini?"

"Hapana."

"Kuna dawa nyingine uliyotumia? Ya maumivu, ya mafua, ya kienyeji?"

Nikatazama sakafu. "Hapana, daktari."

Mama alinikazia macho. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake, akaviweka mezani. "Huyu ananisitiri mimi. Nilimpa hizi, za goti langu."

"Diklofenaki," daktari akasoma. Hakumgombeza. "Mama, hukukosea kumhurumia. Hii na ile yake zote hupunguza uvimbe, ila kazi zao ni tofauti. Yake inautuliza utumbo. Hii inaweza kuuchokoza utumbo wenye vidonda, ugonjwa ukaamka. Si kwa kila mtu, lakini kwa nini tubahatishe? Akiumwa kiuno aanze na parasetamoli, asizidishe kipimo, na maumivu yasipotulia aje aulize."

"Na goti langu?"

"Unakunywa ukiwa umeshakula?"

"Nakunywa nikikumbuka."

Daktari akacheka, lakini akamwandikia naye apimwe presha na figo.

Majibu yangu ya damu na choo yalipotoka, nilianzishiwa prednisoloni, dawa kali zaidi ya kuutuliza utumbo, ya wiki kadhaa, niipunguze kidogo kidogo kama nilivyoandikiwa. Nilionywa nisiikatishe ghafla hata nikipata nafuu, na mesalazini niendelee nayo.

Tulipotoka mama aliniuliza, "Kwa nini ulidanganya? Uliogopa nitalia?"

"Ndiyo."

"Ningelia, halafu ningekupikia."

Na kweli alilia kidogo, pale pale kwenye benchi nje ya dirisha la dawa, kisha akafuta macho kwa kitenge na kuniuliza kama nyama ya mtori iwe laini sana.

Alikaa kwangu karibu mwezi mzima. Kahawa yake aliwaachia majirani wamchumie. Alibandika ratiba ya dawa kwenye kabati la vyombo, na kila asubuhi alisimama mbele yangu mpaka nimeze. Wiki ya tatu damu ilikuwa imekoma, lakini kwa ile prednisoloni uso wangu uliumuka kama andazi. Nikaukasirikia.

"Nimepona, mama. Leo naacha."

"Ghafla hapana. Si ulisikia?"

"Lakini nimekuwa mbaya!"

Akanipapasa shavu. "Mashavu haya nayajua. Ulizaliwa nayo, na nilikuzungusha kihamba chote kila mti uyaone."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki hizo halikuuma. Nikanyoosha mkono, akanipa kidonge cha siku ile. Dozi niliimaliza ilivyoandikwa, na mashavu yalipungua yenyewe, ingawa mama anasema ilikuwa haraka mno.