Watoto Kumi na Tisa Waliomezwa na Orodha

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi anahesabu watoto kwa rula. Anaishusha rula mstari mmoja kwenye karatasi, ananong'ona namba, anaishusha tena. Kompyuta imewashwa mbele yake lakini haigusi.

"Ngoja kwanza," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua macho. "Ukinisemesha nitaanza upya."

Akifika mwisho anaandika 412 kwenye kona ya karatasi. Hapo ndipo anapobonyeza kitufe. Skrini inajaa mistari, na chini kabisa inatokea jumla ya watoto: 412. Anashusha pumzi. Kisha anarudia kuhesabu.

Wenzake katika kituo hiki cha afya wanamwita Mama Mistari. Ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na sita alikuwa karani wa masjala, akipanga mafaili ya wagonjwa, hadi kompyuta zilipoingia na mlango wa masjala ukafungwa. Binti yake, wakati huo mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyemfundisha lugha ya kompyuta ya mambo ya takwimu, kila Jumapili kwa miezi mitano, kwenye meza ya jikoni.

"Nililia mara mbili," anasema. "Mara ya tatu nikaona haya kulia mbele ya mtoto niliyemshikisha penseli mimi mwenyewe."

Siku hizi anafanya kazi kwa mkataba wa miezi sita sita, na karibu theluthi ya mshahara inaishia kwenye nauli. Kazi yenyewe anaiita kutandaza orodha. Wahudumu wa afya hupita nyumba kwa nyumba na simu, wakiandika watoto na chanjo walizopata. Taarifa zinamfikia zikiwa zimekunjwa: ndani ya nyumba wamo watoto, ndani ya kila mtoto zimo tarehe za chanjo. Wauguzi hawana kazi na orodha iliyo ndani ya orodha. Wanataka jedwali lililonyooka, kila chanjo na mstari wake, jina la mtoto pembeni, ili wajue nani wa kumfuata.

Ili kueleza kilichomtokea, anachukua bahasha tatu. Mbili anazitia vipande vya karatasi, ya tatu anaiacha tupu. Halafu anazigeuza zote juu ya meza.

"Haya, niambie. Hii ya tatu, unaiona wapi mezani?"

Haionekani popote. Hivyo ndivyo amri aliyokuwa akiitumia ilivyofanya kazi. Mtoto aliyepata chanjo nne aliacha mistari minne. Mtoto ambaye hajawahi kuchanjwa hakuacha kitu, na jina lake likatoweka naye.

"Na kompyuta haikulalamika," anasema. "Ingepiga kelele ningeshtuka. Ilinyamaza kimya, na mimi nikadhani kimya ni salama."

Aliyeshtuka ni muuguzi wa mtaa, aliyekuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi. Aliingia ofisini na daftari lake kwapani.

"Dada, watoto wangu ni sitini na mmoja. Orodha yako ina hamsini na wanane."

"Labda umehesabu vibaya, mdogo wangu. Kompyuta haikosei."

"Basi nionyeshe huyu," muuguzi akasema, akaweka kidole kwenye jina.

Mama Mistari alilitafuta. Halikuwamo. Akatafuta la pili, la tatu. Nayo hayakuwamo. Alirudi kwenye taarifa za mwanzo, zile zilizokunjwa, na kufikia saa saba mchana alikuwa na idadi ya eneo zima: watoto kumi na tisa. Wote hawakuwa na chanjo hata moja. Orodha ilikuwa imeshatoka miezi minne nyuma, na wale waliohitaji kufuatwa kuliko wote ndio ambao hakuna aliyewafuata.

Mkataba wake ulikuwa umebakiza majuma matano. Hakuna mwingine ofisini aliyeweza kusoma programu ile. Angeweza kurekebisha na kukaa kimya?

"Nilifikiria," anakiri. "Dakika kumi hivi, chooni, nimefunga mlango. Kisha nikasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa kifo si changu, ni cha mtoto wa mtu."

Alikwenda kwa mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akasema, "Kuteleza si kuanguka, mama." Maneno hayo hayakumpoza. Yeye hakuanguka, anasema, lakini wapo kumi na tisa aliowaangusha.

Kwa siku nane alifuatana na muuguzi yule kugonga milango. Walipata watoto kumi na saba. Kumi na sita walikuwa wazima, wakachanjwa.

Wa kumi na saba alikuwa ameugua surua majuma sita kabla. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii vizuri. Mama yake, mfua nguo, aliwapokea mlangoni na povu mikononi.

"Niliona jirani anafuatwa, mimi sifuatwi," aliwaambia. "Nikajua mmenihesabu kati ya wasiohesabika."

"Nilikuhesabu, dada," Mama Mistari akamjibu. "Nikakupoteza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Yule mama hakumtukana wala hakumsamehe. Aliwavutia kigoda, akamleta mtoto. Mama Mistari anasema angefarijika kidogo kama angetukanwa.

Siku hizi, kabla ya kutandaza, kila mahali palipo tupu anatia neno moja: "hakuna". Bahasha haiwi tupu tena, na mtoto anabaki na mstari wake. Kisha anahesabu kabla na baada. Mumewe, fundi bomba, analalamika kwamba ugonjwa umehamia nyumbani.

"Vijiko anavihesabu kabla ya kuviosha, akishaviosha anavihesabu tena," mume anasema. "Nina hofu siku moja atanihesabu na mimi akute nimepungua."

Mkataba wake unaisha Ijumaa na hajaambiwa lolote. Ukiongezwa, ameomba aruhusiwe kuwafundisha makarani wa vituo vingine. Tayari ameandika kurasa tisa za maelekezo kwa lugha nyepesi. Usipoongezwa, anasema, kurasa hizo ataziacha juu ya meza.

Lakini kinachomkosesha utulivu ni watoto wawili waliobaki. Familia zao zilihama. Ameacha namba yake kwa wenye nyumba, kwa muuza maji, kwa walimu wa chekechea.

Simu yake inaita. Anaipokea kabla haijaita mara ya pili, anasikiliza, anakamata ukingo wa meza. Ni muuguzi: mmoja amepatikana, amechanjwa jana katika kituo kingine.

"Alhamdulillahi," anasema, na macho yanamlowa. "Na mwenzake?"

Anasikiliza tena. Anatikisa kichwa, anavuta karatasi.

"Basi Jumamosi twende wote, mdogo wangu. Bado mmoja."